Dakika za Kwenda Onagase

Kuramochi Sayo alifika kwetu Onagase, kijiji cha bondeni huku milimani, mwezi wa nne, theluji ikiwa bado imelala kwenye vivuli vya misunobari. Alikuja na mabegi mawili na sanduku la karatasi. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa miaka kumi alikuwa nesi wa wodi ya wagonjwa mahututi mjini. Kazi hiyo aliiacha akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu. Tasnifu yake ilihusu wazee wa milimani wanaotibiwa nyumbani kwao: wanaishije, wanakufaje, na nani yuko karibu nao. Halmashauri ya mji ilimpa kibali cha miaka miwili, na mimi nikaambiwa nimchukue kwenye gari.

Mimi ni Tsukuda Fumie, nesi wa kutembelea wagonjwa majumbani. Nimezaliwa bonde hilohilo. Nilipoanza kazi nilikuwa na nyumba zaidi ya sitini. Sayo alinikuta na kumi na tatu.

Kusema kweli, sikumtaka. Watafiti tumewaona wengi. Huja kiangazi, wakapiga picha nyumba zilizoinama, wakawauliza wazee wanajisikiaje, wakaondoka kabla majani hayajageuka rangi. Siku ya kwanza nilimuuliza hata mkanda hajafunga, "Utakaa mpaka theluji?"

"Nitakaa theluji mbili, dada."

"Haya. Tutaona."

Alikaa. Alipewa nyumba ya walimu ya shule iliyofungwa, nyumba ya mbao ambayo upepo uliingia bila kubisha hodi. Majira ya baridi ya kwanza mabomba yaliganda, akawa anayeyusha theluji kwenye sufuria ili apate maji ya kunawa. Asubuhi nilimkuta nje na koleo, nywele zina barafu, anachimba njia kutoka mlangoni mpaka barabarani. Hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo kwetu wazee huliona upesi.

Kila siku tulitoka saa mbili. Nikiwasha gari yeye alifungua daftari na kuandika saa ya kuondoka. Tukifika nyumba ya kwanza aliandika saa ya kufika. Tukitoka, aliandika tena. Dakika za barabarani, dakika za ndani, dakika za kutafuta funguo za mlango ambazo mgonjwa mwenyewe amesahau kaziweka wapi. Ndani alipiga magoti karibu na mlango, mikono mapajani, akatazama. Msimamizi wake chuoni, profesa mmoja mwenye jina kubwa, alimwonya asiingilie kazi, kwa sababu akiingilia atakuwa anajipima mwenyewe. Onyo hilo lilidumu wiki tatu. Wiki ya nne nilikuwa nambadilishia mzee mmoja nepi, nikageuka kutafuta beseni, nikakuta Sayo ameshalishika.

Wazee walimwita Daktari. Walisikia anasomea udaktari, basi. Bi Shigeno, mwenye miaka tisini na moja, alimvulia soksi kabla hata hatujakaa.

"Daktari, niangalie hiki kidole. Huyu Fumie ananipaka mafuta tu kama anakaanga samaki."

"Bibi, mimi si daktari wa kutibu. Ni daktari wa kuandika. Na hata huo udaktari bado sijaupata."

"Miaka thelathini na sita na bado hujamaliza shule?"

"Bado, bibi."

"Masikini. Na mume?"

"Sina."

Bi Shigeno akanigeukia. "Fumie, huyu ndiye mgonjwa. Mpime presha."

Tulicheka mpaka nikashindwa kusikia mapigo kwenye mashine. Kabla hatujaondoka bibi alimpa Sayo figili tatu za kukaushwa kwa moshi, zimefungwa kwenye gazeti, ale nazo wali, eti aongezeke mwili apate kuolewa. Kulikuwa na siku kama hizo. Nazitaja ili isionekane kwamba tulikuwa tukilia tangu mwanzo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Kurosu Heikichi na mkewe Ine. Ilikuwa juu kabisa, mbali kupita daraja linalogawa bonde, na kuanzia nyumba ile barabara iligeuka njia ya wakata miti. Heikichi mwenyewe alikuwa mkata miti maisha yake yote. Alikuwa na miaka themanini na minane, vidole viwili vya mkono wa kushoto hana, na miguu ilikuwa inavimba kwa sababu ya moyo. Ine alikuwa na themanini na tano na akili yake ilikuwa inaondoka kidogo kidogo. Siku nyingine alimjua mumewe, siku nyingine alimwamkia kwa heshima kama fundi aliyekuja kurekebisha paa. Watoto wao wawili walikuwa Tokyo. Mmoja naye alishakuwa mgonjwa wa figo.

Miezi mitatu mizima Heikichi alikataa kutia fomu ya ridhaa muhuri wake, ambao kwetu ndio sahihi. Sayo alikuja, akanywa chai, akaondoka. Mara ya kumi na tatu mzee akavuta ile karatasi akaigonga muhuri kwa nguvu mpaka vikombe vikaruka.

"Nimechoka kukuona unanitazama kama ng'ombe wa mnada. Uliza."

Sayo akafungua dodoso. Maswali yalikuwa thelathini na mawili. Alipofika la kumi na mbili alisoma, "Katika wiki iliyopita, ni mara ngapi ulijisikia huna tumaini? Hakuna hata mara moja, mara chache, mara nyingi, au kila siku?"

"Swali hili limeandikwa na nani?"

"Na wataalamu, babu."

"Wana wake?"

"Nadhani wanao."

"Wake zao wanajua majina yao?"

Ine, aliyekuwa ameketi na miguu chini ya meza yenye blanketi na joto, alimsogezea sahani ya uyoga akamwambia, "Kula, mwanangu, umetoka mbali." Kila wiki alimwambia hivyo, na kila wiki ilikuwa mara ya kwanza.

Heikichi akasema, "Nisikilize, Daktari. Mimi nataka kitu kimoja tu. Tubaki hapa, mimi na huyu, mpaka mwisho. Atakayetangulia atangulie, lakini hapa. Ukiyaandika hayo makaratasi yako, wale wa halmashauri watatuacha tubaki?"

Sayo alifunga daftari lake. "Nafikiri yatasaidia, babu."

Njiani kurudi nilimwambia asiwe anaahidi.

"Sikuahidi, dada. Nimesema nafikiri."

"Kwa mtu wa miaka themanini na minane, hiyo ni ahadi."

Alifungua daftari akaandika saa.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, siku moja tulianzia kwa Heikichi, tukakuta mlango uko wazi na mzee yuko uani, anaita. Ine alikuwa ametoka na soksi tu. Theluji ilikuwa imefika kiunoni na ilikuwa bado inaanguka, nyayo hazionekani. Nilipiga simu zimamoto, lakini wao walikuwa chini, mwendo wa saa nzima. Sayo alitupa begi akaanza kuzunguka nyumba, akaingia banda la kuni, kisha banda la zamani la makaa. Huko ndiko alikomkuta, amejikunja nyuma ya magunia, midomo imekuwa ya bluu, anamsubiri mama yake. Sayo alivua koti lake akamvika, akamkumbatia, akambeba mgongoni mpaka ndani. Tulikaa naye, tukampasha joto polepole, tukamsugua miguu, hadi alipoanza kulalamika kwamba chai ni ya moto. Ndipo Heikichi alipokaa chini. Hakusema asante. Alimpa Sayo soksi zake mwenyewe za sufu, kwa sababu za Sayo zilikuwa zimelowa.

Siku ile hatukufika nyumba nyingine. Jioni Sayo aliandika kwenye daftari: nyumba moja, dakika mia moja na tisini. Niliona akiandika. Ilikuwa kweli, na sikuwaza lolote.

Kibali cha utafiti kilikuwa na sharti: baada ya mwaka mmoja na nusu, apeleke halmashauri ripoti ya awali. Aliipeleka vuli ya pili, kurasa ishirini na mbili, zimefungwa vizuri. Alinipa niisome kwanza. Ukurasa wa nne ulikuwa na jedwali la muda: kwa kila ziara, wastani wa dakika arobaini na saba barabarani, thelathini na moja ndani. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba kati ya watu kumi na wanne, kumi na mmoja walimaliza mwaka bila kulazwa hospitali, na ukaeleza kwa nini. Ukurasa wa kumi na tano ulikuwa na maneno ya wazee wenyewe. Nilimwambia ni kazi nzuri. Mpaka leo nasema ni kazi nzuri.

Mwezi wa kumi na moja tuliitwa ukumbi wa kijiji. Wazee waliokuwa na uwezo wa kutoka walikuja, wakakaa kwenye mito sakafuni, majiko matatu ya mafuta ya taa yananguruma. Kutoka mjini alikuja Bwana Tomabechi wa idara ya afya. Si mtu mbaya. Alivua viatu, akainama mpaka paji lake la uso likakaribia kugusa sakafu, akaomba radhi kwa baridi. Kisha akawasha mashine ya kuonyeshea picha, na ukutani likatokea jedwali la ukurasa wa nne.

"Kwa mujibu wa utafiti wa chuo kikuu," alisema, "nesi wetu anatumia muda mwingi zaidi barabarani kuliko kwa mgonjwa. Kuna siku moja ya mwezi wa pili alihudumia nyumba moja tu. Manesi wamebaki wawili mji mzima. Tumefikiria sana. Kuanzia mwezi wa nne, ziara za nyumbani zitaishia darajani. Walioko juu tutawasaidia kuhamia makao ya wazee kule pwani."

Sayo alikuwa ameketi nyuma, karibu na makabati ya viatu. Alisimama. Sikuwa nimepata kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo.

"Samahani. Siku ile ya mwezi wa pili tulikuwa tunatafuta mtu kwenye theluji. Tulimpata. Yuko hai. Na ripoti ina kurasa ishirini na mbili, tafadhali soma ukurasa wa tisa."

"Tumeusoma, Bi Kuramochi. Tunashukuru sana kwa kazi yako. Bila hiyo tusingekuwa na msingi wa kuamua."

"Sikuiandika kwa ajili hii."

"Naelewa kabisa," alisema Tomabechi, na nadhani alielewa. "Lakini dakika ni sahihi, sivyo?"

Ukumbi wote uligeuka kumtazama. Alisimama pale, mikono imeshika daftari.

"Ni sahihi," alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Wazee wetu hawapigi kelele. Waliinama, Tomabechi akainama, na wakaanza kuulizana nani ana nafasi kwenye gari. Nje, Heikichi alikuwa anavaa mabuti kwa shida kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Sayo alipiga magoti amsaidie.

"Babu, nisamehe."

"Nini? Umedanganya?"

"Hapana."

"Basi. Dakika ni dakika." Alivuta mguu, akajivalisha buti mwenyewe. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Majira yale ya baridi Sayo alihangaika. Aliandika barua kwa halmashauri, kwa mkoa, kwa gazeti. Gazeti lilimjibu kwamba habari za namna hiyo ni nyingi mno. Alimpigia simu profesa wake, na mimi nilikuwa jikoni kwake nakatakata kabichi, sauti ya spika nikaisikia yote.

"Mtafiti hapigi kampeni," alisema profesa. "Lakini hebu fikiri, Kuramochi. Sasa una kabla na baada. Watu walewale, na huduma inaondolewa tarehe inayojulikana. Hakuna kamati ya maadili ambayo ingekuruhusu kufanya jaribio hilo, na wewe umeletewa. Ongeza miezi sita. Tasnifu yako itakuwa na uzito mara mbili."

Alipokata simu alichukua kisu akanisaidia kabichi.

"Utaongeza?" nikamuuliza.

"Nisipoongeza, dada, hakuna atakayejua yatakayowapata."

"Na ukiongeza?"

"Watajua yakiwa yameshawapata."

Aliongeza.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu magari mawili ya halmashauri yalikuja kuwachukua Heikichi na Ine, kila mmoja na lake. Makao ya pwani yalikuwa na nafasi moja ya mwanamke mwenye ugonjwa wa kusahau. Nafasi ya mwanamume ilikuwa kwenye makao mengine, mji wa jirani, mwendo wa saa moja na nusu. Waliahidiwa kwamba nafasi ya pamoja ikipatikana watajulishwa. Ine alivaa kimono chake cha kijivu. Alidhani anapelekwa kwenye tamasha. Alimwambia mumewe, "Nawe fundi, huji?" Heikichi akamwambia, "Nitakuja nyuma, nenda." Alimfunga mkanda wa kiti kwa vile vidole vyake vitatu, ikachukua muda, na dereva alingoja bila kusema neno. Sayo alikuwa kando yangu. Daftari lilikuwa mfukoni na hakulitoa.

Lakini mwezi wa tano ilibidi alitoe, maana ndiyo kazi aliyobaki kuifanya. Nilimpeleka kwa Heikichi siku yangu ya mapumziko. Makao yale yalikuwa safi, yana joto, chakula kinaletwa kwa wakati, na manesi wana adabu. Heikichi alikuwa amekaa dirishani. Dirisha lilitazama maegesho ya magari. Miguu haikuwa imevimba tena. Walikuwa wanampa dawa kwa wakati, vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

"Daktari," alisema. "Umeshamaliza shule?"

"Bado, babu. Nimekuja na yale maswali."

"Uliza."

Aliyajibu yote kwa utaratibu, kama mtu anayelipa nauli. Presha nzuri. Usingizi mzuri. Chakula anamaliza. Walipofika la kumi na mbili Sayo aliinua kalamu.

"Tunaweza kuliruka hili."

"Kwa nini uliruke? Si limo?"

Akalisoma, sauti ndogo. Mzee alifikiri kweli. Ningependa aseme mzaha kuhusu wataalamu na wake zao, lakini hakusema.

"Andika hakuna hata mara moja," alisema. "Mtu akishaacha kungoja kitu, hawezi kukikosa."

Kwenye dodoso jibu hilo ndilo lenye alama bora kuliko yote. Sayo alilizungushia duara, kwa sababu ndivyo alivyojibu. Garini aliandika saa, tukaondoka.

Heikichi alikufa mwezi wa sita, asubuhi, wakati wenzake wanafanya mazoezi ya viungo kwa muziki ukumbini. Ine hakuambiwa, mwanawe alisema haina haja. Bi Shigeno alihamishwa mwezi wa saba, akakataa kula, akafa kabla ya baridi. Kati ya wagonjwa saba waliokuwa wakiishi kupita daraja, kufikia mwaka mpya walibaki hai watatu. Huenda wangekufa tu hata kama wangebaki nyumbani. Sayo mwenyewe aliandika hivyo, kwamba watu saba ni wachache mno, takwimu haziwezi kuthibitisha chochote.

Tasnifu ilipita. Wajumbe wa jopo waliisifu kwa umakini wa vipimo. Alinitumia nakala, kurasa mia mbili na kumi na nane, na nikaisoma jioni kadhaa. Heikichi ni Mshiriki wa Saba. Siku ya Ine kwenye theluji imo, mistari miwili, katika sehemu ya upungufu wa utafiti, kama siku isiyo ya kawaida iliyoathiri wastani. Nilimpigia nikamuuliza kwa nini. Akasema aliandika kurasa sita juu ya siku ile, profesa akazikata mara tatu, mara ya nne akazikata mwenyewe.

Sasa anafundisha chuo cha uuguzi huko tambarare. Mimi nimehamishiwa mjini, nafanya kazi ndani ya jengo, sina haja ya gari. Tunapigiana simu mara moja moja. Sijui kama anakula vizuri. Sauti yake imekuwa ya mtu anayezungumza huku amelala.

Mwaka jana alinisimulia kwamba mji mmoja wa milimani, mkoa mwingine, ulimwandikia. Walikuwa wamesoma kazi yake, wakaomba awafanyie utafiti kama ule: dakika za barabarani, dakika za ndani. Aliwakatalia kwa barua ndefu. Aliwaeleza yaliyotokea kwetu, nyumba kwa nyumba, akawasihi wasianze na dakika. Walimjibu kwa heshima, wakamshukuru.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Walifunga ziara mwezi uliofuata," alisema. "Bila utafiti wowote, dada. Hawakuuhitaji."